Kukaza seng'enge inayolegea

Ndugu yangu wa Micheweni, umeuliza kwa nini seng'enge ya shamba lako la mihogo hulegea kila ukiikaza kwa koleo, na kama inafaa ununue kikazio cha mkono chenye meno. Kinafaa, kwani meno yake huuzuia waya usirudi nyuma kila unapovuta mpini. Lakini kwanza itikise nguzo ya pembeni: ikicheza, utaivuta nguzo badala ya waya, kwa hiyo ichimbie chini zaidi na uiwekee gongo la kuiegemeza upande ule ule waya unakovutia. Kaza polepole, ukivaa glovu na kusimama kando, maana waya ulioliwa na kutu ya hewa ya chumvi hukatika ghafla. Wangu ulinichania kanzu.