Maswali ya Wasomaji: CEA Imepanda, Je, Saratani Imerudi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nilifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana mwaka jana, nikamaliza na dripu za kemotherapia. Kipimo cha damu cha CEA (protini ambayo saratani ya utumbo huweza kuimwaga kwenye damu) kilikuwa 2.4, safari hii kimesoma 5.8. Nimeambiwa nirudie baada ya wiki nne. Kwa nini nisipigwe CT, ile picha ya kompyuta ya ndani ya mwili, leo hii? Usingizi umenipaa.

JIBU: Marahaba. Namba moja haitoshi kusema ugonjwa umerudi. Maabara nyingi huweka ukomo wa kawaida kwenye nanogramu 5 kwa mililita, lakini CEA hupanda pia kwa mvutaji sigara, kwa mwenye maradhi ya ini au ya utumbo yasiyo saratani, na pengine kwa muda tu wakati kemotherapia ikiendelea. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaulizi: je, vipimo vyote viwili vilitoka maabara moja? Mashine tofauti huweza kutoa namba tofauti kwa damu ileile.

Kinachoangaliwa ni mwendo. Ikishuka hadi 3, utaendelea na ratiba yako. Ikisoma 7, kisha 9, CT ya kifua, tumbo na nyonga haingoji zamu yake. Ukiona damu kwenye choo, macho kuwa manjano, uzito kupungua bila sababu au maumivu yasiyokwisha, usisubiri wiki nne. Rudi kliniki mara moja.

CEA ikiwa chini nayo isikulewesheni, wewe na jamaa zako. Zipo saratani za utumbo ambazo hazitoi CEA kabisa. Kama CEA yako ilikuwa ya kawaida hata kabla ya upasuaji, CT na kolonoskopia (kamera inayopitishwa ndani ya utumbo mpana) ndizo za kutegemea zaidi.

Kwa kawaida CEA hupimwa kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2 ya mwanzo, kisha kila miezi 6 hadi mwaka wa 5. Idadi ya CT hutegemea hatua ya ugonjwa. Miaka ya mwanzo hubanwa hivyo kwa sababu ndipo saratani hii hurudi zaidi, hasa kwenye ini na mapafu, na doa likionekana lingali dogo mara nyingine huweza kukatwa likaisha.

Kuhusu usingizi: omba damu itolewe wiki moja kabla ya kliniki, ili siku ya kumwona daktari majibu yawe mezani. Kuyasoma peke yako kwenye simu saa tano usiku ni kujitesa bure.

SWALI: Kolonoskopia yangu ya mwaka wa kwanza imeahirishwa, eti utumbo haukuwa safi. Dawa niliinywa yote jioni. Nilikosea wapi?

JIBU: Hapo hapo kwenye jioni. Usiku kucha nyongo na mabaki huendelea kushuka na kupaka utumbo. Omba ratiba ya kugawa dozi: nusu jioni, na nusu nyingine muda wa saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo kuanza. Vidonge vya madini ya chuma viachwe wiki moja kabla, maana huufanya uchafu kuwa mweusi na wenye kunata. Mbegu, maganda ya matunda na maharage viachwe siku 2 au 3 kabla. Unachotoa mwishoni kiwe maji ya njano yanayopenya mwanga. Kikiwa bado cha kahawia, piga simu kabla ya kuondoka nyumbani. Dawa za kuyeyusha damu au za kisukari usizikatishe kwa uamuzi wako, uliza mapema.

SWALI: Niligunduliwa nikiwa na miaka 44. Wanangu wapimwe lini?

JIBU: Kanuni inayotumika sana ni miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri uliogunduliwa wewe, ipi itangulie. Kwao ni miaka 34. Uliza pia kama uvimbe wako ulipimwa dalili za sindromu ya Lynch, hali ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani ya utumbo. Ikiwa saratani yako ni ya kurithi, upimaji huanza mapema zaidi, na ndugu zako wa tumbo moja nao wanahusika.