Padre, Noeli yangu imeishia jikoni. Je, imepotea?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kihesa, Iringa. Mwaka huu ndugu wa mume wangu walikuja kutoka Dar, tukawa watu 15 nyumbani. Misa ya mkesha sikwenda, nilikuwa nachambua mchele. Asubuhi nilikwenda, lakini mwili ulikuwa kanisani, akili kwenye pilau. Usiku, nikikwangua ukoko, nikakumbuka kwamba sijamwambia Mungu hata asante moja. Je, Noeli yangu imepotea? Na je, ni kukosa adabu kumwomba shemeji aoshe vyombo?

JIBU: Milele, amina. Kamwene, mama.

Kwanza nikuondolee hofu. Aliyeshiriki Misa ya asubuhi hadaiwi ya usiku. Na hayo mawazo yaliyokimbilia jikoni, Katekisimu ya Kanisa Katoliki inayazungumzia vizuri katika namba 2729: ukianza kuyafukuza moja moja umeshaingia mtegoni, inatosha kuurudia moyo wako. Kwa hiyo pilau ikikujia katikati ya Misa, usigombane nayo. Mwambie Bwana, "Nina watu 15 wanataka kula, wabariki," kisha rudi altareni. Neno Ekaristi kwa Kigiriki maana yake ni shukrani. Ulikuwa umesimama ndani ya shukrani, mama, hata kama mdomo wako haukuitaja.

Najua kuna watakaokutajia Martha wa Luka 10, aliyehangaika kuhudumia wakati dada yake ameketi akimsikiliza Yesu. Wanaume wengi wanaipenda sana habari ile, hasa wakiwa wameshashiba. Lakini Yesu hakumlaumu Martha kwa kupika. Alimwambia anahangaika na kufadhaika kwa mambo mengi. Halafu soma Yohana 12:2. Karamu nyingine, Martha yuleyule bado anahudumia, na safari hii hakuna anayemwambia neno. Kazi haikubadilika. Naamini fadhaa ndiyo iliyokuwa imetoka.

Sasa mtazame Bikira Maria. Mji umejaa watu waliokuja kuandikishwa, nyumba ya wageni haina nafasi, mtoto amelazwa horini. Kabla mzazi hajapata usingizi wanabisha hodi wachungaji, watu asiowajua, wametoka moja kwa moja kwenye mifugo. Luka hasemi kwamba Maria alipata utulivu usiku ule. Anasema aliyaweka yale yote moyoni akiyatafakari. Kuweka ni kazi ya mtu ambaye kwa sasa mikono yake imejaa.

Injili hiyo ya wachungaji husomwa Misa ya alfajiri ya tarehe 25, kisha Kanisa linairudisha tarehe 1 Januari, siku ya nane ya Noeli, Sherehe ya Maria Mama wa Mungu. Mimi (hii ni tafsiri yangu, msinishtaki kwa Askofu) huwa naona imerudishwa kwa ajili ya watu wa jikoni, ambao mara ya kwanza hawakuisikia vizuri. Umeniandikia tarehe 27. Bado tumo ndani ya Noeli.

Kwa siku hizi zilizobaki sikupi rozari ya ziada. Kwa mvua hizi, naamini hapo mlangoni pamejaa ndala zenye tope jekundu, na mwisho wa siku ni wewe unayezipanga. Zipange polepole. Kila jozi, taja mwenye nayo na jambo moja unalomshukuria Mungu juu yake: hizi za mama mkwe, amepanda mlima Kitonga na miguu yake mibovu ili awaone wajukuu, hizi ndogo za mwanao, mwaka jana zilikuwa za kaka yake. Ukifika kwa mtu usiyeona la kushukuru, usidanganye. Sema tu, "Bwana, huyu naye amefika salama," upange ndala zake, uendelee.

Kuhusu shemeji: si kukosa adabu. Mwambie Padre amesema, na umwanzishie na lile sufuria la pilau. Akikataa, mlete Jumapili nimwone.