Tairi nene, mgongo salama

SWALI: Kazini ni kilomita 9 kutoka nyumbani Kigamboni, nusu mchanga, nusu lami. Mgongo unanisumbua. Nichague baiskeli gani ya umeme ya tairi nene?

JIBU: Usihangaike na shokapu kwanza. Starehe ya baiskeli hizi iko kwenye upepo wa tairi. Chukua tairi za inchi 26 kwa 4 (kipenyo kwa upana). Za inchi 20 ni rahisi kupanda, ila huzama zaidi kwenye mashimo. Mchangani shusha upepo hadi PSI (kipimo cha upepo wa tairi) 8 au 10, ukifika lami jaza 18 hadi 20. Ukisahau kujaza, usukani unakuwa mzito, unavuta upande kwenye kona, na betri inaisha mapema.

Upepo mdogo una kasoro nyingine: tairi hujizungusha kwenye rimu, inaburuta tyubu, valvu inachanika shingoni. Ukiona valvu imelala, toa upepo wote, inyooshe, jaza upya. Nunua geji ya PSI 0 hadi 30. Ile ya fundi wa magari haisomi vizuri huko chini.

Kwa mgongo, usukani uwe juu kidogo ya siti, na goti libaki limepinda kidogo pedeli ikiwa chini.

Betri ya volti 48 na Ah (ampea-saa, yaani ujazo wa betri) 15 inatosha kwenda na kurudi, hata mchanga ukiila zaidi. Breki ziwe za diski za haidroliki (zinazosukumwa na mafuta), maana baiskeli yenyewe mara nyingi huzidi kilo 30. Unaishi ghorofani? Hakikisha betri inachomoka.