Mwalimu mstaafu, linda nyongeza yako ya pensheni

Tangu Julai 2005, pensheni ya mstaafu wa serikali ya Kenya hupanda kwa asilimia 3 kila baada ya miaka miwili. Walimu wengi wanaijua nyongeza hii kwa kuisikia tu. Hawajawahi kuweka taarifa ya benki ya Juni kando ya ile ya Agosti wakaona kama hela zimebadilika. Anzia hapo, kwa maana huwezi kutetea shilingi ambayo hujui kama umeipata.

Kabla ya nyongeza, hakikisha msingi wenyewe ni sahihi. Pensheni ya mwaka hupatikana kwa kuzidisha mshahara wa mwisho wa mwaka mzima kwa miezi uliyotumikia, kisha kugawanya kwa 480. Mwalimu aliyetumikia miezi 360 na kustaafu akilipwa Sh64,000 kwa mwezi anastahili Sh576,000 kwa mwaka. Akichukua robo yake kwa mkupuo, robo hiyo huzidishwa mara 20, yaani Sh2,880,000, na kila mwezi hubakia Sh36,000. Fanya hesabu hii kwa tarakimu zako mwenyewe ukiwa na barua ya kuajiriwa, barua ya kuthibitishwa kazini, barua ya mwisho ya kupandishwa cheo na hati ya mwisho ya mshahara.

Makosa hujificha penye tarehe. Tarehe ya kuajiriwa ikiandikwa mwaka mmodi mbele, miezi 12 imepotea. Kwa mwalimu wa mfano wetu hiyo ni Sh19,200 kwa mwaka kabla ya kutoa robo, na mkupuo wake umepungua kwa Sh96,000. Kosa jingine ni cheo kilichopandishwa karibu na kustaafu lakini mshahara mpya haukuingizwa kwenye faili kabla haijatoka TSC, tume inayoajiri walimu, kwenda Idara ya Pensheni. Ubaya wa kosa la msingi ni kwamba kila nyongeza inayofuata hupimwa kwa kiasi hicho kilichopunjwa, mwaka baada ya mwaka, hadi mwisho wa maisha.

Sasa nyongeza. Kwa Sh36,000, nyongeza ya kwanza ikipigwa juu ya kiasi unacholipwa hukufikisha Sh37,080, ya pili Sh38,192. Ukiona umeruka kutoka ya kwanza hadi ya tatu bila malimbikizo ya ile ya katikati, andika barua. Iwe ya ukurasa mmodi: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya TSC, nambari ya pensheni, mwezi ambao nyongeza ilikosekana, kiasi unachodai kwa hesabu yako, na swali moja la moja kwa moja: asilimia 3 ilipigwa juu ya kiasi gani? Ambatisha taarifa za benki za miezi inayohusika. Peleka mwenyewe kwa Idara ya Pensheni, Bima House, Harambee Avenue, Nairobi, ukiwa na nakala mbili, na usiondoke bila muhuri na tarehe kwenye nakala yako. Malalamiko ya mdomo kwenye dirisha hayaachi alama yoyote, na ofisa uliyezungumza naye anaweza kuhamishwa kesho.

Wasipokujibu, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi la kupewa taarifa linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Zikipita kimya, una siku 30 za kupeleka shauri kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma. Si lazima umwajiri wakili kwa hatua hizi mbili, na tunasihi wazee wasiwape madalali wa mjini hata shilingi moja ya "kufuatilia faili".

Hata nyongeza ikilipwa yote, haitoshi. Benki Kuu ya Kenya imelenga mfumuko wa bei wa asilimia 5 kwa mwaka, na Oktoba 2022 bei zilipanda kwa asilimia 9.6. Tuchukue asilimia 5 tu. Baada ya miaka 10 na nyongeza tano, Sh36,000 zimekuwa kama Sh41,734, ilhali vitu vilevile vya Sh36,000 sasa vinadai Sh58,640. Pengo hilo ni unga, dawa za presha na nauli ya kutoka Kayole hadi kliniki. Hii ndiyo hoja ya kupeleka kwa wabunge: asilimia 3 haikufungwa na bei za sokoni, na mapatano ya mishahara ya walimu walio kazini hayamfikii aliyekwisha kustaafu.

Mapatano ya mishahara ya 1997 kati ya walimu na serikali yaonyesha jinsi mambo yanavyokwama. Nyongeza ile ya mishahara ilipangwa kulipwa kwa awamu, na waliostaafu kati ya 1997 na 2003 wakapigiwa hesabu ya pensheni kwa mishahara ya zamani. Mahakama Kuu ya Nakuru iliwapa haki mwaka 2008, lakini malipo yalikokota na wengi walifariki wakisubiri. Weka nakala za karatasi zako kwa mtoto au jamaa unayemwamini, ili dai lisizikwe pamoja nawe.

Kudai kwa pamoja kuna majira yake. Taarifa ya sera ya bajeti hufika Bunge kabla ya Februari 15 na makadirio kabla ya Aprili 30. Kikundi kinachoanza kulalama Juni, bajeti ikisomwa, kimechelewa mwaka mzima. Kutaneni Oktoba au Novemba, mkusanye hesabu za watu kadhaa wa vyeo tofauti, kisha mwandike ombi kwa Bunge chini ya Kifungu cha 119 cha Katiba.

Ombi hukataliwa kwa sababu ndogo sana. Liwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, bila neno lililofutwa au kuongezwa juu ya mstari. Litaje hatua mlizokwisha kuchukua na majibu mliyopewa. Hapo ndipo zile nakala zenye muhuri hufanya kazi. Liseme kama suala liko mahakamani au haliko. Mwishoni lieleze wazi mnachotaka, kwa mfano nyongeza ya kila mwaka inayofuata mfumuko wa bei unaotangazwa na shirika la takwimu, KNBS. Kila mmoja aandike jina kamili, anwani na nambari ya kitambulisho, kisha atie sahihi au kidole gumba. Kichwa cha ombi kirudiwe juu ya kila karatasi ya sahihi, ili karani asiwe na sababu ya kusema kurasa hizo zilitoka kwingine.