Maji ya rejeta yanakwenda wapi? Kwa kijana anayeanza gereji

Mwezi wangu wa tano gerejini, pale Ndeeba, Kampala, nilimbadilishia mteja rejeta isiyokuwa na kosa. Gari lilikuwa Toyota Ipsum ya zamani, ile yenye injini ya 3S, na malalamiko yake yalikuwa mafupi: kila asubuhi anaongeza nusu lita ya maji. Niliona unyevu chini ya rejeta, nikasema ndiyo hiyo. Akalipa. Siku ya nne akarudi, bado anaongeza nusu lita. Nikamwambia basi ni wota pampu. Akalipa tena, na safari hii kazi ilikuwa kubwa, kwa sababu kwenye 3S wota pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi, kwa hiyo huifikii mpaka ufumue upande mzima wa injini. Aliporudi mara ya tatu hakuniita fundi. Aliniita "ssebo", yaani bwana kwa Kiganda, kwa sauti ile ambayo kila mtu wa Kampala anaijua.

Mzee aliyekuwa akinifundisha aliacha rolex yake, ile chapati iliyokunjwa na mayai, juu ya tairi, akaja. Hakushika spana. Aliangalia vitu vitatu tu, injini ikiwa baridi: chupa ya akiba ilikuwa imejaa hadi shingoni, rejeta yenyewe ilikuwa imepungua, na hozi ya juu ilikuwa imebonyea kama chupa ya soda ambayo mtoto ameinyonya. Akafungua kifuniko cha rejeta, akakigeuza, akavuta kwa ukucha ile vali ndogo ya katikati. Haikutikisika. Kutu ilikuwa imeikamata.

Ukielewa kifuniko kile, umeelewa nusu ya kazi hii. Maji yakipata moto yanavimba, yanasukuma vali kubwa na kukimbilia kwenye chupa. Injini ikipoa, maji yaliyobaki yananywea, na vali ndogo inafunguka ili yaliyotoka yavutwe kurudi. Vali ndogo ikikwama, maji yanatoka lakini hayarudi. Chupa inafurika, inamwaga chini kupitia mpira wake mwembamba, na ule unyevu niliouona chini ya rejeta ndio huo. Mteja alikuwa amelipia rejeta, pampu na mkanda kwa sababu ya kitu kinachoenea kiganjani.

Kwa hiyo jambo ninalotaka ulishike kabla ya mengine ni kwamba maji hayapotei bila njia, na kazi yako ya kwanza ni kuifuata njia hiyo kwa macho. Spana inakuja baadaye. Magari yetu ni ya umri mkubwa. Hata baada ya sheria ya Uganda ya 2018 kuzuia kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe, yale yaliyokuwa yameshaingia bado yapo barabarani, na mengi yamepita mikononi mwa mafundi sita au saba. Utakachokikuta si gari alilolitengeneza Mjapani, ni gari lililotengenezwa na wote hao.

Anza na mdomo. Muulize mwenye gari: unaongeza kiasi gani, na baada ya muda gani? Maji yanapungua gari likiwa limelala au baada ya safari? Zulia la abiria wa mbele lina unyevu? Nani aliligusa mara ya mwisho? Swali la mwisho ulize kwa upole, maana mara nyingi jibu ni shemeji yake.

Kisha liangalie likiwa limepoa kabisa, asubuhi, kabla halijawashwa. Nasema limepoa si kwa utaratibu tu. Hapa Kampala tuko juu kidogo, karibu mita 1,200, na maji kwenye sufuria yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale, karibu mita 2,000, yanachemka kwenye 93. Kifuniko cha Kijapani kilichoandikwa 0.9, ndicho kipimo chake cha mbano, kinabana maji mpaka yavumilie joto la zaidi ya nyuzi 110 bila kuchemka. Ukikifungua gari likiwa moto, ule mbano unaondoka kwa mara moja na maji yanachemka ghafla na kukurukia usoni pamoja na mvuke. Kitambaa kinene hakisaidii. Nina alama kwenye mkono wa kulia inayojua hivyo.

Chukua tochi. Tafuta rangi, na tafuta ukoko: kulanti, ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta, inapokauka huacha unga mweupe, au wa rangi ya waridi au kijani, kulingana na iliyowekwa. Kumbuka kwamba tone huanguka chini na upepo wa feni hulisukuma nyuma, kwa hiyo mahali palipolowa sipo palipovuja. Panda juu na mbele mpaka ufike mahali pakavu; mvujo uko kati ya hapo na palipolowa. Na usidanganywe na maji ya AC. Hayo ni safi, hayana harufu wala utelezi, na yanadondoka chini ya upande wa abiria wa mbele. Nimeona kijana akishusha rejeta kwa ajili ya maji ya AC. Kulanti inateleza vidoleni na ina harufu tamu. Usiionje. Wapo wazee wanaoionja kwa ncha ya ulimi. Acha, ni sumu inayoua figo, na utamu wake ndio unaowavuta mbwa na watoto. Kwa sababu hiyo hiyo usiihifadhi kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Kama macho hayakuona kitu, azima pampu ya kupimia mbano. Unaifunga mahali pa kifuniko, unajaza hewa mpaka namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, si zaidi, halafu unasubiri robo saa ukiangalia mshale. Vijana hawapendi kusubiri. Fanya hivyo injini ikiwa baridi, halafu rudia ikiwa na joto kidogo, kwa sababu baadhi ya hozi huvuja zikiwa baridi tu: mpira unasinyaa, klipu iliyolegea inaachia, na gari likipata moto kila kitu kinajibana chenyewe. Gari la namna hiyo linavuja usiku na kukuficha mchana.

Hozi zenyewe ni kazi rahisi. Ziminye karibu na klipu. Ikiwa zimekuwa laini kama andazi au ngumu na zenye nyufa, badilisha, na uweke klipu mpya.

Rejeta ndiyo inayohitaji uamuzi. Rejeta nyingi za kisasa zina mwili wa alumini na matanki ya plastiki juu na chini, yaliyobanwa kwa meno ya alumini na raba katikati. Plastiki ikizeeka inabadilika kuwa kahawia na kukauka kama biskuti, na ufa huanzia pale shingo ya hozi inapotoka, au kwenye mstari wa meno. Watu watakuletea gundi. Gundi itashika hadi Lukaya, labda Masaka, halafu kwenye kupanda kwenda Kabale itaachia, na mteja atakuwa porini na watoto. Tanki la plastiki lililopasuka halitibiki. Litafute jingine, au badilisha rejeta nzima. Ukienda Kisekka, soko la vipuri la Kampala, kununua iliyotumika, nenda na ile ya zamani mkononi, ulinganishe shingo, masikio na mirija ya oili ya gia kama gari ni otomatiki. Kabla ya kulipa, iombe ijazwe upepo na kuzamishwa majini. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu.

Wota pampu ina tundu dogo chini ya ekseli yake. Sili ya ndani ikichoka, maji hutokea hapo. Wapo mafundi wanaoliziba kwa silikoni. Ukiliziba, maji yanaingia kwenye beringi, beringi inakufa, na kwenye injini kama ile 3S mkanda wa taimingi unakwenda nayo. Shika puli ya pampu, itikise, ikicheza, imekwisha. Na ukiwa umeshafungua mpaka ukafika kwenye pampu inayoendeshwa na mkanda wa taimingi, mshauri mteja abadilishe mkanda na tensheni, ile puli inayoukaza, kwa pamoja, aamue mwenyewe.

Zulia la mbele lililolowa na kioo kinachofunga ukungu wenye harufu tamu ni hita inayovuja. Vizibo vya bloku, vile visahani vya chuma ubavuni mwa injini, huoza kwa kutu kutokea ndani, na kimoja huwa nyuma kabisa mahali ambapo mkono hauingii.

Sasa, maji yanayopungua bila tone hata moja chini. Hapa punguza mwendo. Maji yanaweza kuwa yanaingia kwenye silinda kupitia gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na hedi, sehemu ya juu ya injini. Dalili si lazima ziwe zote: moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, oili yenye rangi ya chai ya maziwa, mapovu kwenye rejeta wakati injini inaunguruma, hozi ya juu kuwa ngumu dakika moja baada ya kuwasha injini baridi. Moshi kidogo wa asubuhi ya baridi si ushahidi. Kuna dawa ya bluu ya kupimia: unaiweka kwenye kichupa juu ya shingo ya rejeta, na gesi ya injini ikipita ndani yake inageuka njano. Pata jibu hilo kabla ya kumwambia mtu afungue hedi, kwa sababu ni maneno yanayomnyima mtu usingizi.

Na ikifunguliwa, hedi ya alumini ipimwe unyoofu kwa rula ya chuma na fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Vitabu vingi vya Toyota vinataka isizidi 0.05 ya milimita. Ukirudisha hedi iliyopinda juu ya gasketi mpya, umenunua mwezi mmoja.

Kuhusu thamostati nina ugomvi wa miaka. "Huku kwetu ni joto, haina kazi, itoe." Nimesikia hivyo toka Arua hadi Mbale. Thamostati ya nyuzi 82 haijui kwamba uko Uganda. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake haraka na kuishikilia hapo. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi, inakunywa petroli na kuchafua oili, na kwenye injini nyingi maji yanapita njia ya mkato bila kufika rejeta vizuri. Ukiikuta haipo, irudishe. Mpya ipime kwenye sufuria ya maji yanayochemka: ifunguke mbele ya macho yako.

Maji ya bomba peke yake yanaozesha, na ya kisima yanaacha chokaa. Weka kulanti nusu kwa nusu na maji safi yaliyochujwa chumvi. Usiamini rangi, wala usichanganye aina mbili usizozijua. Kulanti za bandia zipo tele, maji yenye rangi tu. Nina jaribio langu: nachanganya nusu kwa nusu, naweka kikombe kwenye friza ya jirani anayeuza barafu, nimeandika SUMU kubwa. Kulanti ya kweli asubuhi bado ni maji. Ya uongo ni jiwe. Bizari, mayai na dawa za kuziba usitie. Zinaziba mvujo na hita na mirija ya rejeta kwa usawa.

Ukimaliza, toa hewa. Milima yetu inasaidia: egesha pua ikielekea juu, hita kwenye moto kabisa, jaza polepole huku injini ikiunguruma, minya hozi, subiri feni iwake na kuzima mara mbili. Hewa ikibaki, kipimo kinaweza kukaa ndani ya povu na mshale wa joto usipande wakati injini inaungua. Mwambie mwenye gari: mshale ukianguka ghafla njiani, simama kama vile umepanda.

Halafu usimwache aende moja kwa moja Mbarara. Mwambie alilaze hapa mjini, arudi asubuhi kabla ya joto. Yule mwenye Ipsum alirudi asubuhi na kifuniko kipya. Nilifungua, maji yalikuwa shingoni. Hakusema asante, akaniuliza nani atamrudishia pesa za rejeta. Nilimlipa kwa miezi mitatu.