Jumapili moja Brick Lane

SWALI: Mhariri wa safari, pokea salamu. Mwezi wa Julai nitakwenda London kwenye mahafali ya mwanangu, na nitapata siku moja ya kutembea peke yangu akiwa kazini. Vijana wananishauri niende Shoreditch, wakisema kuwa ndiko mji ulikochangamka siku hizi. Nina umri wa miaka 61, sinywi pombe, wala sinunui mitumba kwa bei ya dhahabu. Je, kuna cha kuona huko, au niende zangu makumbusho?
Mama msomaji, Tanga

JIBU: Mama, shikamoo. Nenda, ila siku hiyo iwe Jumapili asubuhi, na usianzie wanakoanzia vijana. Shuka kituo cha treni cha Aldgate East, kisha utembee taratibu kuelekea kaskazini kwa kuifuata Brick Lane, barabara inayokufikisha Shoreditch. Njia ni tambarare. Karibu na kituo kuna bustani ndogo yenye jina la Altab Ali, mfanyakazi wa nguo kutoka Bangladesh aliyeuawa hapo jirani na wabaguzi mwaka 1978. Pita hapo kwanza, ili michoro ya ukutani utakayoikuta mbele isikufanye udhani kuwa mtaa huu ulizaliwa kwa ajili ya kupigiwa picha.

Kwenye kona ya Fournier Street, simama. Jengo la matofali lililopo hapo lilijengwa mwaka 1743 kuwa kanisa la Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia mateso kwao, ambao wengi walikuwa wafumaji wa hariri. Baadaye likawa la Wamethodisti, mwishoni mwa karne ya 19 likawa sinagogi la Wayahudi waliotoka Ulaya ya Mashariki, na tangu mwaka 1976 ni msikiti wa Wabengali. Juu ukutani kuna saa ya jua yenye maneno ya Kilatini, Umbra sumus, yaani “sisi ni kivuli”, na kila jamii iliyohamia imeyaacha pale pale. Mimi sijui makumbusho yanayoeleza habari za wahamiaji vizuri kuliko ukuta huo.

Mbele kidogo ni kiwanda cha zamani cha bia cha Truman, ambacho sasa ni maduka na masoko. Hiyo mitumba ya bei ya dhahabu iko hapo, na mtu wa Tanga hana sababu ya kuinunua London. Ukisikia njaa, endelea hadi Beigel Bake, duka la mikate la asili ya Kiyahudi lisilofungwa usiku wala mchana. Mikate yake ya duara huchemshwa kabla ya kuokwa.

Ukitaka kupumzika, keti Arnold Circus, kwenye kilima cha bustani kilichoinuliwa kwa kifusi cha mtaa wa maskini uliobomolewa. Nyumba nyekundu zinazokizunguka zilifunguliwa mwaka 1900, lakini wengi wa waliobomolewa hawakuweza kurudi, kwa kuwa kodi iliwashinda. Malalamiko hayo hayo utayasikia leo kwa wenyeji wanaosukumwa na mikahawa mipya.

Beba kadi ya benki, kwa sababu mabasi ya London hayapokei fedha taslimu. Malizia soko la maua la Columbia Road, ambalo huwapo Jumapili tu, umnunulie mhitimu wako shada. Wauzaji wakikaribia kufunga, bei hushuka.