Jibu: Kivuli kikali ukutani licha ya miavuli

Salamu mkuu. Nimekuelewa hivi: unapiga picha za mtu kwa flashi mbili na miavuli miwili ya kulainisha mwanga wake, mtu kakaa karibu na ukuta, na bado kivuli kinajichora kikali nyuma yake huku uso ukitoka bapa.

Kwanza angalia umbali. Mwavuli ukiwa mita 3 kutoka usoni unageuka taa ndogo tu, na taa ndogo ndiyo inayochora kivuli kikali. Usogeze hadi mita 1 hivi, hata kama ukingo wake unakaribia kuingia kwenye picha. Mtu naye mtoe ukutani angalau mita 1.5. Mimi nilihangaika wiki nzima na nguvu ya flashi, kumbe kiti ndicho kilikuwa mahali pabaya!

Halafu zima flashi moja. Mbili zenye nguvu sawa, kushoto na kulia, ndizo zinazoua umbo la uso. Iliyobaki iweke pembeni, nyuzi 45, juu kidogo ya macho. Upande wa pili simamisha kadibodi nyeupe irudishe mwanga usoni.

Anzia ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), shata 1/125 (muda wa kupokea mwanga, sehemu ya sekunde), f/5.6 (upana wa tundu la lenzi), flashi 1/8 ya nguvu yake yote. Piga picha moja flashi ikiwa imezimwa: isipotoka nyeusi, taa ya chumbani inakuingilia.